Nyumba za Serikali: Maisha Marefu ya Mamie Eisenhower

Mshahara wa luteni usu katika jeshi la Marekani mwaka 1916 ulikuwa dola 141 na senti 67 kwa mwezi. John Doud alizijua hesabu hizo vizuri. Alikuwa tajiri wa biashara ya nyama, amestaafu mapema akahamia Denver pamoja na mkewe na mabinti zao, na binti wa pili, Mamie, alikuwa amechumbiwa na kijana mwenye mshahara huo. Akamweka kitako. Akamweleza kwamba mwanajeshi hana makao, kwamba atahamahama maisha yake yote, na kwamba akishaolewa ataishi kwa kipato cha mumewe, si kwa pochi ya baba. Mamie alikuwa na miaka 19. Amelelewa katika nyumba yenye watumishi, amepitia shule ya mabinti wa wenye nazo, jikoni hajui lolote la maana. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho, kisha akaolewa.

Harusi ilifungwa nyumbani kwao Denver tarehe 1 Julai 1916. Bwana harusi, Dwight Eisenhower, rais wa baadaye wa Marekani, ambaye watu wote walimwita Ike, alipandishwa cheo siku hiyohiyo kuwa luteni kamili. Walikuwa wamekutana Oktoba ya mwaka uliotangulia katika kambi ya Fort Sam Houston, mjini San Antonio, Texas, ambako akina Doud walikuwa wakienda kuikimbia baridi ya Colorado. Baada ya fungate ya siku chache maharusi walipita Abilene, Kansas, kumsalimu mama mkwe. Mama huyo, Ida, aliwapokea asubuhi na mapema kwa kuku wa kukaanga. Alikuwa mama wa wavulana watupu, na kwa imani ya dini yake aliichukia vita. Kumwona mwanawe akivaa sare lilikuwa jambo zito kwake, ingawa hakumzuia.

Haukupita muda Ike akaitwa kazini usiku. Mamie akalia, akamwomba asimwache peke yake. Mumewe akamshika, akamwambia kwamba nchi ndiyo itakayotangulia daima, na yeye atafuata. Maneno hayo Mamie aliyasimulia mara nyingi hadi uzeeni, bila kinyongo, kama mtu anayesoma masharti ya mkataba aliousaini mwenyewe.

Makao yao ya kwanza yalikuwa vyumba viwili vya maafisa ndani ya Fort Sam Houston. Mamie alikodi piano, akaiweka sebuleni, na katika muda mfupi vyumba hivyo vikageuka kijiwe cha maafisa vijana na wake zao. Walikuja na chochote walichonacho, wakala, wakaimba. Wenyeji waliita mahali hapo Klabu ya Eisenhower, na jina hilo liliwafuata kila walikohamia, kutoka kambi hadi kambi, bara hadi bara. Ni vizuri kulitazama jambo hili kwa makini, maana vitabu vingi vinalipita haraka. Afisa kijana hupimwa uwanjani, lakini sifa yake huzunguka mezani, miongoni mwa wakubwa na wenzake. Meza ile ilikuwa ya Mamie. Jeshi halikumpa cheo wala malipo, lakini kazi alikuwa anaifanya. Kwenye mapishi Ike ndiye aliyekuwa fundi, amefundishwa na mama yake. Mamie alishika daftari la fedha, akakaba kila senti.

Mtoto wao wa kwanza, Doud Dwight, alizaliwa Fort Sam Houston tarehe 24 Septemba 1917. Baba yake hakuwepo. Marekani ilikuwa imeingia kwenye Vita Kuu na Ike alikuwa Georgia akiwafundisha maafisa wapya. Mtoto waliyempa jina la kubembeleza, Icky, alianza kuhamahama akiwa mikononi. Mwaka 1918 familia ilikuwa Gettysburg, Pennsylvania, ambako Ike alipewa kambi ya kufunzia askari wa vifaru. Baada ya vita wakapelekwa Camp Meade, Maryland. Hapo hapakuwa na nyumba za familia, palikuwa na mabanda ya askari. Wakalitengeneza moja kwa fedha zao, na makreti ya machungwa, yakifunikwa kitambaa cha maua, yakawa meza ya kujipambia ya binti wa tajiri wa Denver.

Askari wa kikosi cha vifaru walimpenda mtoto. Walimshonea sare ndogo kama yao, pamoja na koti na kofia, wakampandisha kwenye vifaru vyao mazoezini. Baba alimbeba begani kwenye gwaride. Mishahara ikawa imeanza kutosha, wakaajiri msichana wa kazi kutoka jirani. Wasichokijua ni kwamba msichana huyo alikuwa ametoka kuugua homa ya skarleti, ile homa ya vipele vyekundu iliyoua watoto wengi kabla ya penisilini kupatikana. Karibu na Krismasi ya mwaka 1920, mti umeshapambwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu inamsubiri mwenyewe, Icky akashikwa na homa.

Madaktari wakamtenga. Baba hakuruhusiwa kuingia chumbani; alikaa barazani, akimpungia mwanawe mkono kupitia dirishani. Mamie mwenyewe alikuwa mgonjwa, yuko kitandani. Tarehe 2 Januari 1921 mtoto akafa, ana miaka mitatu na miezi mitatu. Wakampeleka Denver kwa treni kumzika.

Ike aliandika katika kumbukumbu zake, zaidi ya miaka 40 baadaye, baada ya vita na baada ya urais, kwamba hilo ndilo lililokuwa pigo kubwa kuliko yote maishani mwake, na kwamba hakuwahi kulisahau kabisa. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Icky, alimpelekea Mamie maua. Lakini mwanzoni msiba uliwatenganisha. Kila mmoja alijilaumu kimoyomoyo kwa sababu ya yule msichana wa kazi, na hawakujua kulizungumza. Mamie alikuwa amekwisha kuwazika dada zake wawili, mmoja mwaka 1912 na mwingine mwaka 1918. Sasa mtoto. Atakayeshangaa kwa nini mwanamke huyu aliogopa kila kikohozi cha watoto wa nyumba yake aanzie hapo.

Mwanzoni mwa mwaka 1922 wakahamishiwa Panama, Camp Gaillard, kandokando ya mfereji. Walipewa nyumba chakavu ya mbao juu ya nguzo, imeachwa miaka mingi, msitu umeifikia mlangoni. Miguu ya vitanda ilisimamishwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili kunguni wasipande. Popo walijaa, na sheria ilikataza kuwaua kwa kuwa walikula mbu. Usiku mmoja Mamie alijifunika shuka gubigubi huku mumewe, luteni kanali wa zamani wa vifaru, akimfukuza popo chumbani kwa upanga wake wa gwaride. Kisa hicho walikicheka sana baadaye. Wakati ule Mamie hakucheka.

Alikuwa mjamzito. Alirudi Denver kwa wazazi wake, na tarehe 3 Agosti 1922 akajifungua John. Akarejea Panama na kichanga, akamlinda usiku na mchana, hakulala, akakonda. Mwaka 1923 akachoka kabisa, akamchukua mtoto akarudi tena kwao. Ndoa ilikuwa inaning'inia. Aliyekuwa karibu naye kule Panama ni jirani yake Virginia Conner, mke wa Jenerali Fox Conner, mkuu wa Ike, mwanamke mzoefu wa kambi aliyeona kinachotokea na kumshauri bila kumficha: usijiache, mrudie mumeo. Mamie alikaa Denver miezi kadhaa, akawaza, akapanda meli tena. Ni katika miaka hiyo alipoanza kukata zile nywele za mbele zilizolala juu ya paji la uso, ambazo miaka 30 baadaye zingeigwa na wanawake wa Marekani nzima.

Kisha vituo vikafuatana. Fort Leavenworth, ambako Ike aliongoza darasa la maafisa wapatao 245. Paris, kwenye tume ya makaburi na kumbukumbu za vita, katika fleti karibu na mto Seine. Washington, miaka mingi ya kazi za mezani. Cheo kiligoma: Ike alikaa meja karibu miaka 16. Mke yeyote wa mtumishi wa umma anayelijua neno uhamisho, mwenye watoto wanaobadilishiwa shule katikati ya muhula na makabati yasiyotosha kwenye nyumba mpya, atazielewa siku hizo kuliko mwanahistoria. Mamie alikuja kusema kwamba ameweka nyumba katika kila aina ya jengo isipokuwa kibanda cha barafu cha Waeskimo.

Mwaka 1935 Ike alipelekwa Ufilipino pamoja na Jenerali Douglas MacArthur. Safari hii Mamie alikataa kuandamana naye mara moja. John alikuwa na miaka 13, amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule ya msingi Washington, na mama hakutaka aukatize. Akamwacha mume aende peke yake, akamfuata mwaka mmoja baadaye. Ike aliumia. Mimi naona uamuzi ule ni alama muhimu: mwanamke aliyeambiwa tangu harusini kwamba nchi inatangulia, yeye anafuata, alikuwa ameupanga mstari wake mwenyewe, na mtoto alikuwa mbele.

Manila ilikuwa na joto, karamu na upweke. John alipelekwa shule ya bweni Baguio, milimani kwenye baridi. Walipoondoka Desemba 1939, vita vimeshaanza Ulaya, Rais Manuel Quezon alimtunuku Ike nishani, na akamtaka Mamie ndiye aibandike kifuani mwa mumewe, kwa kuwa alishiriki kuipata. Katika maisha yake yote ya kambini sikumbuki mara nyingine ambapo mwenye mamlaka aliisema kazi yake hadharani namna ile.

Halafu kila kitu kikaenda mbio. Shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, lilimpeleka Ike Washington, na miezi michache baadaye wakapewa nyumba nzuri ndani ya Fort Myer. Mamie alikuwa hajamaliza kupanga vyombo Ike alipoteuliwa kwenda London. John, wakati huo kadeti katika chuo cha kijeshi cha West Point, alipewa ruhusa ya kuja kuaga. Wakati wa kuondoka alitembea hatua kadhaa, akageuka, akampigia baba yake saluti. Mamie akavunjika. Ike alipoondoka Juni 1942, alimwomba mkewe asimame chini ya mlingoti wa bendera pale Fort Myer ili amwone ndege ikipita juu.

Na nyumba? Nyumba za Fort Myer ni za wenye madaraka. Mume akiondoka kwenye madaraka, mke anafunga mizigo. Jenerali anayekwenda kuyaongoza majeshi ya washirika alimwacha mkewe akitafuta pa kukaa, na Mamie akaishia kwenye fleti ya hoteli jijini Washington pamoja na mke wa afisa mwingine aliyekuwa London.

Katika miaka mitatu walionana mara moja tu, mapumziko mafupi ya Januari 1944. Ike alimwandikia barua 319. Magazeti yalimwonyesha akiwa na Kay Summersby, mwanamke aliyekuwa dereva wake, na maneno yakasambaa. Barua nyingi zinamhakikishia Mamie kwamba hana sababu ya kuyasikiliza. Yeye alipungua mwili, usiku akasoma riwaya mpaka macho yamchoke. Mchana alihudumia meza katika kantini ya askari, na alijibu barua za wake na mama wa wanajeshi walioandika kwake kwa wingi kwa sababu waliamini atawaelewa. Alizijibu kwa bidii kubwa kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Tarehe 6 Juni 1944 Mamie alikuwa hotelini West Point, amekuja kwenye mahafali ya mwanawe. Alfajiri simu ikalia. Alikuwa mwandishi wa habari, akitaka maoni yake kuhusu uvamizi. Uvamizi gani, akauliza. Ndivyo mke wa mkuu wa majeshi alivyojua kwamba askari wameanza kushuka pwani ya Normandy kwa amri ya mumewe. Baadaye siku hiyo akakaa miongoni mwa wazazi wengine, akamwona John akipokea shahada na kamisheni ya luteni usu, cheo kilekile alichokuwa nacho baba yake alipokutana na Mamie. Siku chache zikapita, John naye akapanda meli kwenda London kumtembelea baba yake. Mtoto pekee aliyebaki alikuwa sasa askari wa miguu, na hilo mama alikuwa amelijua tangu siku alipomruhusu kwenda West Point.

Hofu ilirudi kwa sura mbaya zaidi mwaka 1952. Ike alikuwa anagombea urais, John ana mke na watoto watatu, na amri ya kwenda vitani Korea ikamfikia. Baba hakuizuia. Aliweka sharti moja: asikamatwe. Rais ambaye mwanawe ni mateka hawezi kutawala. John alimwahidi kwamba hatakamatwa akiwa hai, atabakiza risasi. Miaka mingi baadaye alilisimulia jambo hilo mwenyewe. Januari 1953 John alitokea Washington kwenye kuapishwa kwa baba yake. Ike alimuuliza Rais Harry Truman, aliyekuwa anaondoka, ni nani aliyetoa amri ya kumrudisha John. Truman akamjibu kwamba ni rais wa Marekani. Wanaume hao wawili hawakupatana siasani, lakini siku ile mama mmoja alipewa zawadi, na Ike hakusahau kushukuru.

Ikulu ya Marekani Mamie aliishi miaka minane, na hapakuwahi kuwa na nyumba nyingine waliyokaa mfululizo kiasi hicho tangu waoane. Aliiendesha kama alivyoendesha nyumba za kambini: akiwa bado kitandani asubuhi alikagua menyu na hesabu, alisoma bei za vyakula magazetini, na siku za kuzaliwa za wafanyakazi alizikumbuka kwa keki. Waandishi walimgeuza kuwa rangi ya waridi na nywele za mbele. Wengine walinong'ona kwamba ni mlevi, kwa sababu wakati mwingine aliyumba akitembea. Ukweli ni kwamba alikuwa na ugonjwa wa Ménière, unaoshambulia sikio la ndani na kumnyima mtu mizani ya mwili. Ni uonevu kwamba kunong'ona huko kumedumu kuliko habari za kazi yake.

Msomaji wa leo anaweza kuudhika na mwanamke aliyesema wazi kwamba kazi yake maishani ilikuwa moja tu, nayo inaitwa Ike. Maudhi hayo nayaelewa. Lakini Septemba 1955, Ike alipopata mshtuko wa moyo wakiwa Denver, kazi hiyo ilionekana kwa macho. Mamie alihamia hospitali ya jeshi ya Fitzsimons, akakaa huko pamoja naye, na barua za wananchi zilipofika kwa maelfu akaazimia kuzijibu yeye. Ike alidhani mkewe amepagawa kwa huzuni. Baadaye alikiri kwamba kazi ile ndiyo iliyomshikilia.

Walikuwa wamenunua shamba mwaka 1950, ekari 189 pembeni mwa Gettysburg, mji uleule walioishi mwaka 1918 na Icky wa mwaka mmoja. Ilikuwa nyumba ya kwanza kuimiliki katika miaka 34 ya ndoa. Mafundi walipobomoa matofali wakakuta chini yake nyumba ya magogo iliyooza, ikabidi karibu yote ijengwe upya, na ikakamilika mwaka 1955. Mamie aliamuru sehemu ya zamani ibakie kila palipowezekana. Wajukuu wanne, David, Barbara Anne, Susan na Mary Jean, walikulia karibu naye, na John mwenyewe akahamia jirani. Hatimaye bibi alikuwa na kila mmoja ndani ya umbali wa kuita.

Nyumba hiyo nayo wakaitoa kwa serikali mwaka 1967, kwa makubaliano kwamba wataendelea kuishi humo. Mwaka mmoja kabla yake mabaki ya Icky yalihamishwa kutoka Denver kwenda Abilene, kwenye kaburi ambalo wazazi walikuwa wamejiandalia. Mwaka 1968 Ike alilazwa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, na Mamie akachukua chumba kidogo jirani na chake. Desemba ya mwaka huo mjukuu wao David alimwoa Julie Nixon mjini New York, na wazee wakaitazama harusi kwenye televisheni iliyofungwa maalumu hospitalini. Ike alifariki tarehe 28 Machi 1969, ndoa yao ikiwa na miaka 52.

Mamie aliishi miaka kumi zaidi, nyingi kati ya hizo palepale shambani. Mwaka 1978 alimwona John akizichapisha barua za vita alizoandikiwa na Ike, ili watu wazisome wenyewe badala ya kuchambua uvumi. Septemba 1979 alipata kiharusi, akafa usingizini Walter Reed tarehe 1 Novemba, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 83. Amezikwa Abilene na mumewe na mtoto wao. Nyumba ya Gettysburg ilifunguliwa kwa umma mwaka uliofuata.

John alistaafu akiwa brigedia jenerali wa akiba, akawa balozi nchini Ubelgiji, kisha mwandishi wa historia ya vita, na aliishi miaka 91. Mwaka 2008 aliandika katika gazeti la New York Times makala akipinga watoto wa marais na makamu wao kupelekwa mstari wa mbele. Alitoa mfano wa Korea. Hakujitetea wala hakulalamika. Alieleza kwamba kukamatwa kwake kungekuwa mzigo kwa nchi nzima, na akaeleza ile ahadi aliyompa baba yake kabla ya kuondoka.